Chembe Moja ya Nuru, Mafungu Mawili ya Nishati

Kila paneli ya jua iliyo juu ya paa, iwe ya zahanati au ya nyumba ya mvuvi, ina hasara isiyoonekana kwa macho. Chembe ya nuru ya buluu huingia katika silikoni ikiwa na nishati kuliko ile inayohitajiwa kuing'oa elektroni moja. Ziada hugeuka joto na kupotea. Mwaka 1961 William Shockley na Hans Queisser walikokotoa kwamba seli ya namna hiyo haiwezi kugeuza kuwa umeme zaidi ya takriban theluthi moja ya nishati ya jua.

Hata hivyo, maumbile yenyewe yana njia ya kuipunguza hasara hiyo. Katika fuwele za tetraseni, chembe moja ya nuru huamsha hali iitwayo singleti, nayo hugawanyika ikazaa tripleti mbili, kila moja ikiwa na takriban nusu ya nishati. Wazo hili lina umri. Lilitolewa mwaka 1965 kuhusu anthraseni.

Ugumu umo katikati ya safari. Kabla ya kuachana, tripleti hizo hubaki zimefungamana kama mapacha, na kwa kipimo cha mwanga pekee ni vigumu kuwapambanua mapacha waliofungamana na wale walio huru. Mtu akidai kwamba amepata mawili kutoka moja, hatuna budi kumtaka shahidi.

Shahidi huyo ni spini, yaani ile tabia ya elektroni inayoifanya iwe kama sumaku ndogo mno. Tripleti moja ina spini 1. Mbili zikifungamana, jumla yaweza kuwa 0, 1 au 2. Hiyo ya 2 huitwa kwinteti. Huhitaji elektroni nne, na tripleti iliyo peke yake haiwezi kuifikia kamwe.

Ili kuitambua, sampuli huwekwa katika uga wa sumaku na baridi kali, hupigwa leza, kisha hupelekewa mawimbi mafupi ya jamii ya yale ya rada. Spini hupinduka, na katika mpito wa kati, kwinteti hupinduka kwa kasi iliyo takriban mara 1.7 ya tripleti. Mwaka 2017 makundi mawili, moja la Cambridge na Berlin, jingine la Sydney na wenzao wa Marekani, yalitangaza kuiona alama hiyo, la kwanza katika jamii ya tetraseni, la pili katika molekuli pacha za pentaseni.

Faida yake ni ya vitendo. Mapacha waliokazwa mno hawatoi mafungu mawili yanayoweza kutumika. Kwa kuisoma kwinteti, mkemia hujua kifungo kina nguvu gani na hudumu muda gani, akalibadili umbo la molekuli. Mwaka 2019 watafiti wa Massachusetts walifaulu kuipitisha nishati ya tripleti kutoka tetraseni hadi silikoni kupitia utando mwembamba sana. Hiyo ni kazi ya maabara, na ofisa atakayeletewa kabrasha la kununua paneli za aina hiyo aulize kwanza kipimo cha spini kilionyesha nini.