Toots, mzee wa gitare na armonika

Kwetu Kongo kila mtaa una mpiga gitare wake. Wiki hii tuongee juu ya mmoja wa Ubelgiji, Jean-Baptiste Thielemans, ambaye dunia yote ilimwita Toots.

Alizaliwa Bruxelles tarehe 29 Aprili 1922, katika Marolles, mtaa wa watu wa kazi. Wazazi wake walikuwa na baa ndogo pale, na akiwa na miaka 3 tu alikuwa tayari anachezea akordeoni. Kifua chake hakikuwa na nguvu. Pumu ilimsumbua toka utotoni. Hata hivyo, alipokuwa kijana alinunua armonika, kile kinanda kidogo cha kupuliza kwa mdomo. Wanamuziki wakamcheka: hicho ni cha watoto, tafuta chombo cha kweli!

Basi akatafuta. Wakati wa vita, Wajerumani wakiikalia Ubelgiji, alisikiliza sahani za Django Reinhardt, akajifunza gitare peke yake bila mwalimu. Gitare ndiyo iliyomfungulia njia. Mwaka 1950 alizunguka Ulaya na kundi la Benny Goodman, mwaka 1952 akahamia Marekani, kisha akapiga miaka kama sita katika kundi la George Shearing. Lakini armonika hakuitupa.

Wimbo wake mkubwa, Bluesette, alipata sauti yake chumbani, nyuma ya jukwaa, akiwa anatengeneza nyuzi za gitare na kujiimbia polepole. Mpiga fidla Stéphane Grappelli, aliyekuwa naye mle, akamwambia aiandike haraka asije akaisahau. Aliurekodi mwaka 1962. Ndani yake anapiga gitare na papo hapo anapiga mluzi, vyote viwili vikienda pamoja noti kwa noti. Jaribuni kufanya hivyo huku mnapepeta mchele, mtaona ugumu wake! Wanamuziki wengi waliurudia, na haki za mtunzi zikamlisha miaka mingi.

Mwaka 1981, akikaribia miaka 60, akapata kiharusi, kile ambacho hospitalini tunasikia kikiitwa AVC. Kilimpiga upande wa kushoto. Mnajua mpiga gitare anabana nyuzi kwa vidole vya kushoto. Vidole vikilegea, kazi imekatika. Wengi wangejifungia nyumbani. Yeye aliendelea na gitare kwa shida, kidogo kidogo, lakini mzigo mkubwa ukabebwa na ile armonika waliyoicheka, pamoja na lile pafu lake la pumu. Alipiga na Wabrazili, na Wamarekani, na vijana ambao wangeweza kuwa wajukuu wake. Mwaka 2001 mfalme wa Ubelgiji akampa cheo cha baroni, yeye mtoto wa Marolles.

Alisimama kupiga mwaka 2014, karibu na miaka 92, pumzi ilipopungua. Ilikuwa miaka 33 baada ya kile kiharusi. Alifariki tarehe 22 Agosti 2016.