Akili nyingi, kidonda moyoni: filamu inayotuhusu na sisi

STOCKHOLM – Filamu ya Good Will Hunting ilitoka Marekani mwaka 1997, lakini hadi leo tunaipendekeza kwa kila mzazi wa Afrika Mashariki anayelea watoto hapa Sweden, na vilevile kwa wasomaji wetu walioko nyumbani. Inamhusu Will Hunting, yatima wa Boston anayepiga deki korido za chuo cha MIT. Profesa Gerald Lambeau anaandika hesabu ngumu ubaoni ili wanafunzi wake wapambane nayo, na anayeipatia jibu ni huyo mpiga deki.

Kwa wakazi wa Stockholm sura ya profesa huyo si ngeni. Ni Stellan Skarsgård, mzaliwa wa Gothenburg, aliyecheza kwa miaka mingi katika jumba la maigizo la Dramaten hapa mjini. Katika hadithi, Lambeau ni mshindi wa medali ya Fields, ambayo ni tuzo kubwa ya wanahisabati vijana. Medali hiyo iliwahi kutolewa hapahapa Stockholm mwaka 1962, na mmoja wa walioipokea alikuwa Msweden Lars Hörmander.

Hata hivyo, hesabu ni kisingizio tu cha hadithi. Will ni mgomvi, anampiga polisi na kufikishwa mahakamani. Profesa anamwombea aachiwe kwa masharti mawili: afanye naye hesabu, na aonane na mtaalamu wa ushauri nasaha. Kijana anawadhihaki wataalamu mmoja baada ya mwingine hadi wanakata tamaa. Ndipo anapofikishwa kwa Sean Maguire, mgane anayefundisha katika chuo cha kawaida.

Sean hana muujiza wowote. Kuna kikao ambacho wawili hao wanakaa saa nzima bila kusema neno. Anasubiri tu. Polepole inadhihirika kwamba Will aliteswa utotoni na baba mlezi, na Sean anamrudia tena na tena kwamba hana hatia katika yaliyompata, hadi kijana anabubujikwa na machozi. Robin Williams alipata tuzo ya Oscar mwaka 1998 kwa kumwigiza Sean, na Matt Damon na Ben Affleck wakapata yao kwa kuandika hadithi hiyo.

Kwa nini tunasema inatuhusu? Dodoma kuna Mirembe, Nairobi kuna Mathari, Unguja kuna Kidongo Chekundu. Hayo ni majina ya hospitali, lakini sisi tumeyageuza kuwa matusi. Kwa hiyo mtoto anapoanza kujifungia chumbani, au kulipuka kwa hasira bila sababu, tunasema ni utundu, ni baridi ya huku, au ni kukosa dua. Dua ni njema, na hatumwambii mtu aiache. Lakini mwenye homa tunamwombea na bado tunampeleka kwa daktari.

Wengi wetu ni akina Lambeau. Profesa yule anampenda kijana kwa kile atakachokuja kuwa, ambapo Sean anamuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Maadamu mtoto analeta alama nzuri na tunatarajia awe daktari au injinia, hatuulizi analalaje usiku.

Kipaji pekee hakimponyi mtu. Stockholm inalijua hilo kupitia Tim Bergling, maarufu kwa jina la Avicii, mwanamuziki aliyezaliwa hapa mwaka 1989. Aliacha ziara za maonyesho mwaka 2016, na mwezi Aprili 2018 alifariki dunia mjini Muscat, Oman, akiwa na miaka 28. Mwaka 2019 wazazi wake walianzisha mfuko wa Tim Bergling Foundation unaoshughulikia afya ya akili ya vijana, na mwaka 2021 ukumbi mkubwa wa Globen ukapewa jina la Avicii Arena. Tiba ya mazungumzo haina uhakika kama wa kwenye sinema. Lakini kunyamaza hakujawahi kuwa tiba.

Msaada upo karibu. Wazazi wengi wanadhani vituo vya vijana, yaani ungdomsmottagning, ni vya uzazi wa mpango peke yake. La hasha. Kijana anaweza pia kuzungumza huko na mshauri au mwanasaikolojia, bila malipo. Kwa ushauri wa afya namba ni 1177, na pakiwa na hatari ya maisha ni 112.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Itazameni filamu hii pamoja na watoto wenu, na ikiisha msikimbilie kuzima taa. Muulizeni mtoto ameonaje, kisha msubiri ajibu, hata akichukua muda mrefu.