Herufi za Wiki ya Kwanza Chuoni

Wiki hii watoto wa darasa la kwanza katika vyuo vyetu wanasoma herufi. Wazee wengi wakisikia hivyo huliona jambo dogo. Mtoto akirejea nyumbani huulizwa, "Umefika sura gani?" Akijibu kwamba bado yumo katika jim na ha, baba hukunja uso, na jirani naye husema kwamba mwanawe amekwisha ivuka Wadh-dhuha. Kwa hivyo tumeona yapasa tuwaeleze wazee wetu, na vijana walio na wadogo zao nyumbani, ni yapi khasa yanayosomwa siku hizi za mwanzo, na kwa nini hayafai kuharakishwa.

Herufi za Kiarabu ni 28, wala hatuzifundishi zote kwa pamoja. Mtoto huanza na alif, kisha ba, ta na tha. Hizi tatu za mwisho umbo lake ni moja, mfano wa dau dogo, na kinachozipambanua ni nukta tu: ba ina nukta moja chini, ta mbili juu, na tha tatu juu. Hufuata jim, ha na kha, nazo pia umbo lake ni moja: jim ina nukta tumboni, kha ina nukta juu, na ha haina kitu. Mtoto asiyezoea kuitazama nukta leo, kesho atasoma neno jingine kabisa.

Wala nukta hizo hazikuja bure. Misahafu ya mwanzo iliandikwa bila ya nukta wala irabu, kwani Waarabu wa zama zile waliisoma kwa lugha yao waliyozaliwa nayo. Uislamu ulipowaenea watu wa lugha nyingine, na makosa ya kusoma yakazidi, Abul-Aswad Ad-Du-ali, aliyefariki mwaka 69 Hijria, alitia alama za irabu kwa vitone vya wino wa rangi mbali. Baada yake wanavyuoni wengine wakatia nukta za kupambanua herufi, kisha Al-Khalil bin Ahmad wa Basra akazitengeneza fatha, kasra na dhamma kwa maumbo tuyaonayo leo. Basi nukta anayoitia mtoto wa miaka sita kwa mkono unaotetemeka ni amana ya watu waliochelea Qurani isije ikasomwa kombo.

Tena yafaa wazee wakumbuke kuwa mtoto huyu ana masomo mawili kwa siku moja. Asubuhi yuko shuleni, na huko anaimba a, e, i, o, u, na ba, be, bi, bo, bu. Jioni yuko chuoni. Kule kalamu hutoka kushoto kwenda kulia, na huku hutoka kulia kwenda kushoto. Akichanganya siku za mwanzo, au akalifungua daftari kwa upande usio wake, asiitwe mjinga. Akili yake inajifunza njia mbili kwa wakati mmoja, na baada ya muda kila njia itakaa mahali pake.

Mwalimu mwenye hekima hulitumia somo la asubuhi kulisaidia la jioni, kwa maneno ambayo mtoto anayajua tangu kwao. Kitabu na kalamu, shuleni huandikwa kwa k moja. Lakini kwa asili yake ya Kiarabu kitabu huanza kwa kaf, na kalamu huanza kwa qaf itokayo mwisho wa ulimi, karibu na koo. Sukari ni ya sin, na sabuni ni ya sad iliyo nzito. Haki, habari na hewa, kwa macho ya shule, zote zina h ile ile. Kwa masikio ya chuo ni herufi tatu: ha ya kati ya koo, kha ya mkwaruzo, na ha nyepesi ya pumzi. Dhahabu, dhamana na dhahiri nazo ni dhal, dhad na dha, kila moja na pahala pake kinywani. Mtoto akiyasikia haya hucheka na kuyarudia njiani, na huko kucheka kwake ndiko kusoma.

Huenda mtu akauliza, tofauti ndogo kama hizi zina haja gani? Jibu ni jepesi. Qalb kwa Kiarabu ni moyo, na kalb ni mbwa. Sura ya 95 yaanza kwa kiapo cha tunda la tini. Ukiitamka ta kwa uzito, tunda limegeuka udongo. Mtoto wa wiki ya kwanza hajui maana hizo, lakini ulimi wake ungali laini. Samaki mkunje angali mbichi.

Sasa na tutazame yanayompata mtoto aliyeharakishwa. Husomeshwa sura kwa kusikia, akazihifadhi nyingi, na wazee wakafurahi. Tumewaona wanafunzi wa miaka kumi na miwili wakisoma kwa sauti nzuri, na hali kidole kiko katika mstari mwingine. Ukimfunulia ukurasa asioukariri, hunyamaza. Kijana huyo akisha kukua huona haya kurudi kukaa na watoto wadogo, akaishi umri wake wote na msahafu asioweza kuusoma. Mama yake akiwa mgonjwa kitandani, akamwambia, "Mwanangu, nisomee," atafanyaje? Hapo ndipo ile haraka inapodhihirisha gharama yake.

Kwa hivyo tunawaomba wazee mambo matatu. Kwanza, swali la nyumbani libadilike, badala ya kuuliza sura, mwambieni, "Nionyeshe herufi ya leo." Pili, baada ya sala ya Magharibi apewe dakika kumi aziandike na kuzitamka herufi zake, mtoto wa kike sawa na wa kiume. Mama asiyejua kusoma asijitenge. Amwambie mwanawe amfundishe, na wote wawili watasoma. Tatu, mtoto mzito wa kushika asipigwe wala asilinganishwe na wa jirani. Imepokewa kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) amesema kuwa anayeisoma Qurani kwa kubabaika na kwa taabu ana ujira mara mbili. Je, aliyeahidiwa ujira huo tumpe sisi fimbo?

Tukumbuke pia baada ya vita vya Badri, mwaka wa 2 Hijria. Mateka wa Makka waliokosa cha kujikombolea, na hali wanajua kuandika, Mtume (S.A.W.) aliijaalia fidia yao kuwa ni kuwafundisha kuandika watoto wa Ansari. Herufi za watoto zilipimwa kwa thamani ya uhuru wa mtu. Sisi tusizipime kwa chini ya hapo.

Mwenyezi Mungu azilainishe ndimi za watoto wetu kwa Kitabu Chake, na atujaalie sisi na nyinyi subira ya kuwangoja, herufi baada ya herufi. Amin.