Aliyeungua Hurudi Nyumbani Akiwa Bado Mgonjwa

Watu wa Umoja hawajasahau usiku wa tarehe 1 Februari 2024, wakati lori la gesi lilipolipuka kule Mradi, Embakasi, na watu zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Wengi wanakumbuka pia Sinai, tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilipovuja kwenye bomba, ikashika moto na kuua watu zaidi ya 100. Siku kama hizo misaada huja kwa wingi. Mwezi ukiisha, kimya.

Lakini majeraha mengi tunayokutana nayo katika kazi yetu si ya malori. Ni ya chai, uji na maji ya kuoga: sufuria imewekwa sakafuni katika chumba ambacho ndicho jikoni, ndicho sebule, ndicho pa kulala, na mtoto ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

Familia moja ya jumuiya yetu, ambayo hatutaitaja jina, ilipatwa na hayo. Binti yao alimwagikiwa uji mkononi na kifuani. Jirani mwenye nia njema akampaka dawa ya meno. (Jamani, tafadhali: ni maji safi ya bomba, dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi na mwende hospitali. Mayai nayo ni ya kula, si ya kupaka.) Huko wodini mama yake aliwaona kina mama waliotoka mbali, wasio na mtu wa kuwaletea hata sabuni. Binti aliporuhusiwa kutoka, mama aliendelea kwenda kila Jumapili na mayai ya kuchemsha na maharagwe, maana mwili uliopoteza ngozi hutaka chakula cha kujenga mwili kuliko kawaida. Kwanza humwuliza muuguzi nani anaruhusiwa kula nini. Akiwa na kikohozi haendi, kwa kuwa palipo na jeraha hakuna ngozi ya kuzuia maradhi.

Baba yeye alichukua upande wa pesa. Harambee ya kwanza ilikuwa ya mtoto mwingine wa Umoja, na hapo tulikosea, sisi wenyewe. Tulimshauri abandike picha ya mtoto huyo kwenye matangazo ili watu waguswe. Waliguswa, wakatoa. Lakini shuleni mtoto akapewa jina baya kwa sababu ya picha ile, akakaa nyumbani muhula mzima. Tulikwenda kuwaomba wazazi wake msamaha. Tangu hapo hakuna picha, na mzazi ndiye anayesema ni mambo gani yatangazwe.

Tena tulijifunza kwamba pesa ngumu kupatikana si za operesheni. Ni nauli. Kovu la moto huendelea kukaza kwa mwaka au zaidi. Likiwa kwenye kiwiko, mkono hujikunja usinyooke tena. Mtoto hukua, kovu halikui naye, kwa hiyo huenda akahitaji kupasuliwa mara nyingine. Ndiyo sababu kuna mazoezi ya kunyoosha kila siku, nguo za kubana kovu, na kurudi kliniki mara kwa mara. Mzazi anayeishi kwa vibarua akikosa nauli mara mbili, mara ya tatu haendi, wala si kwamba hampendi mwanawe. Sasa mfuko wa baba huyo hulipa matatu kwanza, na hesabu husomwa mbele ya jumuiya kila mwezi.

Huko Marekani, Alan Breslau, aliyeungua katika ajali ya ndege mwaka 1963, alianzisha Phoenix Society mwaka 1977 ili walioungua wasaidiane. Familia yetu haikuwa imemsikia. Binti yao, ambaye sasa yuko darasa la sita, hufuatana na mama kuwatembelea watoto majumbani. Mwezi uliopita tulikwenda nao Innercore kwa mvulana ambaye alikuwa hataki kutoka nje. Binti alipandisha mkono wa sweta. Mvulana akatazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama huwa unawasha usiku.

"Unawasha sana," akamwambia. "Usikune. Paka mafuta."