Mkono Unaokufa Ganzi: Tuujue Mshipa wa Nyuma ya Kiwiko

Tukunje mkono, kisha tupapase kiwiko upande unaoelekea ubavuni. Tutasikia kifundo cha mfupa, na nyuma yake bonde dogo. Humo unapita mshipa wa fahamu ambao madaktari huuita neva ya ulna. Ndio unaotupiga kama umeme hadi kidole cha mwisho tunapogonga kiwiko kwenye benchi.

Kutoka hapo neva inaingia chini ya musuli wenye vichwa viwili. Kichwa kimoja kimeshikamana na kile kifundo, kingine na mfupa wa nyuma ya mkono. Neva inapita katikati yao, kama mtu anayepita katika mlango mwembamba. Musuli huo unashuka upande wa kidole kidogo hadi penye kiganja. Unakunja kiganja na kukivuta upande huo. Tunautumia tukilima, tukipasua kuni, tukitwanga sombe.

Neva hiyo ndiyo inayoupa musuli amri. Kisha inaendelea hadi mkononi: inatia nguvu misuli midogo ya vidole, na inaleta hisia katika kidole kidogo na nusu ya kidole jirani yake.

Kwa nini tunaandika haya? Kwa sababu ukoma, ambao ungali katika nchi yetu, hupenda kushambulia neva hii. Neva inavimba, na pale penye njia nyembamba inabanwa. Mgonjwa anaanza kusikia ganzi. Anashika sufuria ya moto bila kusikia maumivu, anaona kidonda tu. Baadaye vidole viwili vya mwisho vinajikunja kama makucha.

Si kila ganzi ni ukoma. Kuegemea kiwiko muda mrefu au mfupa uliovunjika zamani vinaweza pia kuiumiza neva. Lakini ganzi isiyoisha, au baka la ngozi lisilo na hisia, lisingoje. Twende kituo cha afya. Dawa za ukoma hutolewa bure, kwa miezi 6 au 12, na mgonjwa akishaanza kuzimeza, baada ya muda mfupi haambukizi tena. Neva ikitibiwa mapema, katika miezi 6 ya kwanza, mara nyingi nguvu na hisia hurudi. Tukichelewa, ukoma utapona lakini vidole vitabaki vimekunjwa.

Wengi huchelewa kwa sababu ya aibu, au kwa kuambiwa wamerogwa. Hapo kanisa lina kazi. Katika Luka 6, Yesu alimwita mtu mwenye mkono uliopooza asimame katikati ya watu, asijifiche pembeni. Mashemasi wanaotembelea nyumba, na sisi sote, tuulize kwa upole: mkono wako unasikia? Kisha tumsindikize ndugu yetu hadi kwa muuguzi, na Jumapili tuketi naye benchi moja.