Swali Linalotoka kwa Mlango wa Nyuma: VPN ya Nyumbani na Majina Yanayovuja



Katika nyumba ya mapadre hapa Mkuza, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Kibaha, njia moja ya intaneti huhudumia watu wengi. Kompyuta ya ofisi yenye kumbukumbu za ubatizo na ndoa hupita hapo. Simu zetu hupita hapo, na runinga ya sebuleni, na simu za waamini wanaokuja kutafuta ushauri na kuomba nywila ya waifai wakati wakisubiri zamu yao. Ni kwa ajili ya hao wa mwisho, hasa, tuliamua kufunga VPN katika ruta ya nyumba. Mama aliyepigwa na mumewe, anayetafuta mahali pa kukimbilia, hutafuta kwanza kwa simu. Kijana anayetaka kujua wapi atapimwa virusi vya Ukimwi bila kuonwa na majirani hutafuta kwanza kwa simu. Tulitaka utafutaji wao usiwe mali ya macho ya mtu mwingine.

Kwa miezi kadhaa tuliamini kwamba tumefaulu. Kisha kijana mmoja wa parokia, mwenye ujuzi wa mitandao, akapima mbele yetu na kutuonyesha kwamba kila jina la tovuti lililotafutwa ndani ya nyumba lilikuwa bado likipita kwa mtoa huduma wetu wa intaneti, waziwazi, kana kwamba VPN haipo. Mafundi huliita jambo hili kuvuja kwa DNS. Kwa kuwa tunajua zipo nyumba za watawa, shule na familia zilizofunga VPN kwa nia kama yetu, tumeona inafaa kulieleza.

Kompyuta hazijuani kwa majina. Zinajuana kwa namba. Zamani, mtandao ulipokuwa mdogo, orodha moja ya majina na namba zake ilitunzwa mahali pamoja na kunakiliwa na wote. Mwaka 1983 mtaalamu wa Marekani, Paul Mockapetris, alibuni mfumo wa majina ya vikoa, yaani DNS, unaotumika hadi leo. Mtu akiandika www.vatican.va katika simu yake, simu haiendi moja kwa moja kwenye tovuti hiyo. Kwanza huiuliza seva ya majina: jina hili lina namba gani? Ikishajibiwa ndipo hufunga safari. Swali hutangulia kila kitu, na kwa jinsi mfumo ulivyobuniwa, swali hilo husafiri bila kufichwa, kwa kawaida kupitia poti namba 53. Hata tovuti yenye alama ya kufuli, ambayo kurasa zake zimesimbwa, haiwezi kulificha swali lililotangulia kuulizwa.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Mtu amekodi gari lenye vioo vyeusi ili asionekane anakwenda kliniki gani. Lakini kabla ya kupanda anasimama Maili Moja, mbele ya vijana wa bodaboda, na kuuliza kwa sauti njia ya kwenda kliniki hiyo. Gari ni zima, vioo vyake ni vyeusi kweli, na siri imekwisha toka.

VPN ndiyo gari hilo. Huchukua mawasiliano ya nyumba, huyasimba, na kuyapitisha katika njia moja iliyofungwa hadi seva iliyo mahali pengine, ndipo yatoke kwenda duniani. Mtoa huduma wa intaneti huona tu kwamba nyumba hii inazungumza na seva moja. Ndivyo inavyopaswa kuwa, iwapo maswali ya majina nayo yamepanda gari. Kwetu hayakupanda, na sababu yake ilikuwa ndogo mno. Vifaa vyote vya nyumba huiuliza ruta, na ruta hupeleka swali kwa seva ya majina iliyoelekezwa. Ilipowashwa mara ya kwanza, ruta yetu ilipewa anwani za seva za majina za mtoa huduma mwenyewe, kama zinavyopewa ruta zote. Tulipoongeza VPN tulibadili njia ya mawasiliano ya vifaa. Hatukubadili anwani zile, wala maswali ya ruta yenyewe hayakuwa yakipitia VPN. Kila mmoja wetu aliona alama ya kijani iliyosema kwamba VPN inafanya kazi, na alama hiyo haikusema uongo.

Tiba ya kwanza, basi, ni kuiambia ruta isipokee anwani za seva za majina kutoka kwa mtoa huduma, na badala yake itumie seva ya majina iliyo ndani ya VPN. Katika ruta zenye programu huria ya OpenWrt, na katika nyingine nyingi, hilo ni badiliko la mistari michache tu. Ruta za bei nafuu zinazogawiwa pamoja na huduma mara nyingi haziruhusu badiliko hilo; mwenye ruta ya namna hiyo atalazimika kuweka ya pili nyuma yake.

Tiba hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu vifaa vingine havina utii. Kuna runinga na visanduku vya filamu vilivyotengenezwa viulize 8.8.8.8, seva ya majina ya Google, bila kujali ruta imesema nini. Kompyuta za Windows, tangu toleo la 8, zina tabia ya kuuliza kwa njia zote zilizo wazi kwa pamoja na kupokea jibu linalotangulia; hilo huwasumbua zaidi wanaofunga VPN ndani ya kompyuta yenyewe. Kwa hiyo kanuni ya pili huwekwa katika faiwoli ya ruta: swali lolote linalotaka kutoka kwa poti 53, hata likiwa limeandikiwa anwani gani, ligeuzwe na kuletwa kwa seva tuliyoichagua. Runinga itadhani inajibiwa na Google. Haidhuriki.

Jambo la tatu husahauliwa hata na mafundi wazuri. Intaneti ya leo ina mifumo miwili ya anwani, wa zamani uitwao IPv4 na mpya uitwao IPv6. VPN nyingi hubeba ule wa zamani tu. Ikiwa mtoa huduma anatoa mifumo yote miwili, maswali na mawasiliano ya IPv6 yatatoka kando ya VPN kama maji yanayopita pembeni ya bomba. Ama VPN ibebe mifumo yote miwili, ama IPv6 izimwe katika ruta.

Lakini lililotufundisha zaidi ni umeme. Umeme ukikatika na kurudi, ruta huwaka, waifai husimama mapema, na simu zilizokuwa zikingoja huanza kuuliza mara moja. VPN huchelewa. Katika sekunde hizo kila kitu hutoka wazi. Wala sekunde hizo si chache siku zote: ruta nyingi hazina betri ya kutunza saa, hivyo huamka zikidhani ni siku ya nyuma, na VPN ya aina ya WireGuard inaweza kukataliwa na seva mpaka saa irekebishwe, kwa kuwa seva haikubali salamu yenye muda uliopitwa. Dawa yake ni kuiamuru faiwoli isiruhusu kifaa chochote cha nyumbani kutoka ila kwa njia ya VPN. VPN isiposimama, nyumba haina intaneti. Ruta yenyewe huachiwa mambo mawili tu, kurekebisha saa na kuifikia seva ya VPN, ambayo ni vema iandikwe kwa namba ili hata jina lake lisiulizwe nje. Tukiri kwamba amri hii huleta manung'uniko. Katibu wa ofisi amekwisha kutuuliza mara kadhaa kwa nini intaneti huchelewa kurudi kuliko ya jirani.

Itaulizwa kama vivinjari vya kisasa havijamaliza tatizo hili, kwa kuwa huyasimba maswali yenyewe. Ni kweli kwamba utaratibu wa kupeleka maswali ndani ya mawasiliano yaliyosimbwa ulikubaliwa rasmi mwaka 2018, na simu za Android tangu toleo la 9 zina kipengele cha namna hiyo. Ni jambo jema. Hata hivyo swali lililosimbwa lina mpokeaji anayelisimbua na kulisoma. Mtoa huduma wa Kibaha halioni tena; kampuni iliyo mbali inaliona lote.

Hapo ndipo penye uzito kuliko mipangilio yote. VPN haiondoi haja ya kumwamini mtu, inaihamisha. Maswali ambayo zamani yalionwa na mtoa huduma sasa yanaonwa na mwenye VPN. Wengi wetu nchini tulilisikia neno hili kwa mara ya kwanza Oktoba 2020, wakati wa Uchaguzi Mkuu, mitandao ya kijamii ilipokuwa haifunguki, na watu wakapakua VPN yoyote ya bure iliyowatokea. Wachache walijiuliza nani anailipia. Kampuni ya Facebook iliwahi kumiliki VPN ya bure iitwayo Onavo, iliyotangazwa kama kinga ya mtumiaji, huku ikitumika kuiarifu kampuni watu wanatumia programu zipi za washindani wake. Ilifungwa mwaka 2019. Nasi tunaomiliki ruta tusijitoe katika hesabu. Ruta inaweza kutunza orodha ya kila jina lililoulizwa na kila simu, na mwenye nywila ya ruta anaweza kuisoma. Katika mji ambamo fundi aliyefunga ruta anasali pamoja nasi na anamfahamu shemeji wa yule mama, hatari iliyo karibu ndiyo hiyo. Tumezima utunzaji wa orodha hiyo, tumebadili nywila iliyokuja na ruta, na anayeijua ni mmoja tu.

Hapa tusichanganye mambo. Siri ya maungamo haiguswi na habari hii, kwa maana hakuna Sakramenti ya Kitubio kwa njia ya intaneti, na waraka wa Kanisa kuhusu intaneti wa mwaka 2002 ulilisema wazi kwamba sakramenti haziadhimishwi humo. Linaloguswa ni haki ya kila mtu ya kulindiwa jina jema na faragha yake, ambayo Mkusanyo wa Sheria za Kanisa unaitaja katika kanuni ya 220, pamoja na wajibu wa kutunza mambo tuliyoaminiwa, ambao Katekisimu inaueleza chini ya Amri ya Nane.

Sheria ya nchi nayo ina neno. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawahusu wote wanaokusanya taarifa za watu, na ofisi yenye vitabu vya ubatizo haiwezi kujidhania iko nje. Kuhusu VPN yenyewe, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitoa taarifa kwa umma tarehe 13 Oktoba 2023, ikiwataka watu na taasisi ambao kazi zao zinahitaji VPN waitolee taarifa kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, ikirejea Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020. Kanuni hizo zinakataza teknolojia inayomsaidia mtu kufikia maudhui yaliyozuiwa, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Taasisi inayotaka kulinda kumbukumbu zake ifuate utaratibu huo kabla ya kununua chochote. Tunafundisha namna ya kutunza siri za watu, na njia ya kukwepa sheria si sehemu ya fundisho hilo.

Kupima ni kazi ya dakika tano. Ukiwa katika waifai ya nyumbani, fungua dnsleaktest.com na uchague kipimo kirefu. Tovuti hiyo hukifanya kivinjari chako kiulize majina ambayo hayajawahi kuulizwa na mtu yeyote, kisha hutazama ni seva zipi zilizokuja kuyauliza kwa niaba yako. Likionekana jina la mtoa huduma wako wa intaneti, nyumba inavuja. Rudia kwa simu, kwa kompyuta ya ofisi na kwa kila kivinjari, kwa maana kifaa kimoja kinaweza kuwa salama na cha pili kisiwe. Kwa runinga, ambayo mara nyingi haina kivinjari cha kufaa, angalia hesabu ya faiwoli: maswali ya poti 53 yaliyogeuzwa yanapaswa kuongezeka unapoiwasha. Zima data ya simu kabla ya kupima, la sivyo simu inaweza kutoka kwa njia yake yenyewe na kukupa jibu lisilohusu ruta. Kisha chomoa ruta ukutani, subiri kidogo, ichomeke tena, na upime wakati taa zake zikiwa bado zinapepesa. Ukurasa ukifunguka kabla ya VPN kusimama, rudi kwenye faiwoli.