Nyuki Wakishaondoka, Angalia Mkojo

Mtu akishambuliwa na kundi la nyuki, macho ya wote huwa kwenye uso uliovimba. Akiamka asubuhi anazungumza, majirani husema amepona. Aliyedungwa mara tano, tena hana mzio, kweli kapona. Aliyedungwa mamia ya mara ndio kwanza yuko hatarini.

Karibu nusu ya uzito wa sumu kavu ya nyuki ni melitini, kipande kidogo cha protini kinachotoboa kuta za seli. Kimeng'enya kiitwacho fosfolipasi humegua mafuta ya kuta hizohizo, na viwili hivyo vikishirikiana madhara huongezeka. Seli nyekundu za damu hupasuka na kumwaga himoglobini. Misuli nayo humwaga mayoglobini. Mabaki hayo hufika kwenye figo na kuziba mirija yake myembamba, huku sumu yenyewe ikiua seli za mirija hiyo. Presha ikishuka, figo hukosa hata damu ya kuzihudumia. Mkojo hugeuka rangi ukawa kama chai isiyo na maziwa, kisha hupungua, pengine hukatika kabisa. Yote haya yanaweza kujitokeza siku ya pili au ya tatu, uvimbe ukiwa umeshaanza kushuka.

Kifo cha mzio ni habari nyingine: mwiba mmoja watosha, dakika chache tu, na dawa yake ni adrenalini. Hatari ya sumu nyingi yenyewe hutegemea uzito wa mwili. Makadirio yanayotumika sana ni miiba 19 kwa kila kilo kama kiwango cha kuua. Kwa mtu mzima wa kilo 60 ni zaidi ya 1,100. Kwa mtoto wa kilo 15 haifiki 300. Nyuki wetu wa Afrika, kwa kweli, hana sumu kali kumzidi wa Ulaya. Anamzidi kwa hasira, na kwa wingi wa wenzake wanaomfuata.

Hospitali ina la kufanya: dripu mapema ili figo ziendelee kusukuma mkojo, vipimo vya damu, na ikibidi mashine ya kusafisha damu. Figo nyingi hurudi kufanya kazi zikiwahiwa. Basi ng'oa miiba upesi kwa njia yoyote, maana kifuko cha kila mwiba huendelea kusukuma sumu. Usimnunulie mgonjwa diklofenaki dukani, kwani huziumiza figo zilizokwisha kuelemewa. Mpeleke hospitali hata kama anatembea, na uombe apimwe figo, leo na kesho pia.